Maswali ya Wasomaji: Madaktari Wanaosomea Tiba ya Familia Vijijini

Katika toleo hili nimekusanya barua zinazohusu jambo moja. Vyuo vyetu vya udaktari huwapeleka madaktari wanaosomea ubingwa wa tiba ya familia, yaani tiba ya watu wa umri wote na magonjwa ya kila namna, wakakae na kufanya kazi katika vituo vya afya na hospitali za mashambani, na wasomaji wa sehemu mbalimbali za Uganda wanauliza utaratibu huo unamfaa nani na kwa masharti gani. Barua nimezifupisha bila kubadili maana yake.

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni daktari kijana. Baada ya utarajali niliajiriwa katika kituo cha afya cha daraja la nne hapa wilayani Kasese. Ninataka kurudi chuoni kusomea tiba ya familia, lakini wenzangu wananivunja moyo. Wanasema miezi ya kijijini ni muda uliopotea, kwamba kijijini nimeshakaa, na kwamba anayetaka ubingwa wa kweli akae Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa kule Kampala, penye wagonjwa wagumu na vipimo vikubwa. Je, wanasema kweli? Na nikienda, nitautambuaje mzunguko mzuri wa mafunzo, yaani kipindi cha kujifunza kazini kituoni? (Daktari, Kasese)

JIBU: Ndugu yangu, Mulago huwezi kuikwepa na hupaswi kujaribu. Kozi ya tiba ya familia, ambayo Makerere iliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo baadaye ilifundishwa Mbarara pia, huchukua miaka mitatu, na lazima ndani yake upite katika wodi za watoto, za wazazi, za upasuaji na za magonjwa ya ndani. Daktari ambaye hajawaona watoto wengi wenye homa ya uti wa mgongo mahali penye vipimo vya kuthibitisha atapata shida kumtambua mtoto wa namna hiyo mahali pasipo na vipimo.

Wenzako wanakosea wanapodhani kwamba ugumu wote uko Kampala. Mgonjwa anayefika Mulago amekwisha kuchujwa mara nyingi. Amepita kwa mhudumu wa VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, kijijini kwake, akapita kituo cha daraja la pili kwenye parishi, cha tatu kwenye gombolola, cha nne, na pengine hospitali ya wilaya na ile ya rufaa ya mkoa, na kila alipopita kuna shaka fulani iliyoondolewa na dokezo fulani lililoandikwa. Kijijini anakuja na neno moja tu, homa, au anasema mwili wote unauma. Katika msimu wa mvua benchi la kliniki hujaa tangu saa moja asubuhi, na wengi waliokaa hapo wana malaria, kama kipimo cha haraka kitakavyoonyesha. Lakini katikati yao yumo mfugaji mwenye brusela, yumo mama anayekohoa kifua kikuu huku akisema ni mafua, na yumo mtoto ambaye kipimo chake cha malaria kinasoma chanya ilhali kinachotaka kumuua ni nimonia. Kuwatambua hao ndani ya umati, kwa masikio, mikono na vipimo vichache vilivyopo, kisha kuamua nani anatibiwa hapo na nani anapelekwa mbele saa hiyo hiyo, ndiyo kazi ya bingwa wa familia, na haifundishiki mahali ambapo kazi hiyo imekwisha kufanywa na wengine.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2000, Dkt. Matthew Lukwiya, aliyekuwa mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor huko Gulu, aliitwa kutoka Kampala alikokuwa akisoma shahada ya uzamili, kwa sababu wagonjwa na wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usioeleweka. Alipitia mafaili ya wagonjwa na kuona kwamba mfano wa ugonjwa ule haukufanana na alivyozoea kuona Acholi, eneo lile la Gulu, akashuku homa ya virusi inayosababisha kutokwa damu, na vipimo vikathibitisha kuwa ni Ebola. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo naye akafa kwa ugonjwa huo. Vitabu alikuwa navyo, lakini kilichomwamsha ni miaka mingi aliyokaa mahali pamoja, akajua ugonjwa wa kawaida wa watu wale una sura gani, hata lisilo la kawaida lilipokuja halikumpita. Ninamtaja kila ninapoulizwa kwa nini daktari anayesoma akae sehemu moja kwa muda mrefu.

Unasema kijijini umeshakaa. Ulikaa ukifanya kazi, na pengine ulikuwa daktari peke yako katika kituo kizima, bila mtu wa kukuambia kwamba namna unavyompima mjamzito ina kasoro. Kosa lisilosahihishwa likirudiwa mara mia linakuwa tabia, na mwenye tabia hiyo huiita uzoefu. Kwa hiyo unapouliza habari za mzunguko, usianze na idadi ya vitanda wala aina ya mashine. Uliza msimamizi ni nani, analala wapi, na atakuwa chumbani pamoja nawe mara ngapi kwa wiki akikuangalia unavyomhoji mgonjwa na kumpima. Msimamizi anayekuja siku ya mwisho kusaini daftari la kazi hajasimamia chochote. Katika upasuaji wa uzazi, kwa mfano, inafaa kwanza umsaidie yeye, kisha upasue yeye akiwa amevaa glavu mbele yako, kisha upasue akiwa nje ya mlango, na hatua hizo zisirukwe kwa sababu ya uchache wa watu.

Jambo la pili ni muda. Wiki nne zinakutosha kujua ghala la dawa liko wapi na nani anashika ufunguo wake. Chukua mfano wa mama wa miaka sitini anayekuja na presha ya 190 kwa 110. Daktari wa wiki nne anamwandikia amlodipini, anamshauri apunguze chumvi, na kwenye daftari lake kesi hiyo imekamilika. Daktari wa miezi sita anamwona akirudi mwezi wa pili presha ikiwa pale pale, anaongeza dozi, na mwezi wa tatu anakuta haijashuka. Anahesabu vidonge, vimepungua sawasawa. Anaanza kufikiria figo na kutaka kumpeleka hospitali ya mkoa. Kabla ya kuandika barua anafuatana na VHT mpaka nyumbani kwa mama huyo, na pale juu ya kabati anaiona pakiti ya dawa, na mzee wa nyumba anamwambia kwa ukarimu kwamba dawa hizo zinawasaidia sana wote wawili, leo anameza yeye na kesho anameza mkewe. Mzee hakuwahi kufika kituoni kwa kuwa nauli ya bodaboda ya watu wawili haipatikani kila mwezi. Sasa wagonjwa wa presha wako wawili, dawa inatolewa kwa wawili, na safari ya hospitali ya mkoa ya kutafuta ugonjwa wa figo haihitajiki. Daktari wa mwezi mmoja hangepata nafasi ya kujua kwamba alishindwa, na asiyejua kwamba alishindwa hajifunzi.

Wengine wamelitambua hili kabla yetu. Huko Marekani, tangu miaka ya 1980, ipo mipango ambayo daktari wa familia husoma mwaka wa kwanza katika hospitali kubwa, na miaka miwili inayofuata huikaa katika mji mdogo wa mashambani, akiwa na wagonjwa wake mwenyewe wanaomrudia. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Moi cha Kenya kilipoanza kufundisha tiba ya familia mwaka 2005 kiliwapeleka madaktari wake katika hospitali ya Webuye, magharibi mwa nchi hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 na tena ya 2021 kuhusu namna ya kuwapata na kuwabakiza wahudumu wa afya vijijini, limetaja mafunzo yanayofanyika huko huko vijijini kuwa mojawapo ya njia za kufuatwa. Wenzako wakikuambia tena kwamba ni muda uliopotea, waulize ni mgonjwa gani wa Mulago waliyemwona mara sita mfululizo.

SWALI: Daktari, kwenye kituo chetu cha daraja la nne wameletwa madaktari ambao tunaambiwa bado wanasoma. Mimi nina mimba ya miezi saba, na mtoto wangu aliyetangulia alizaliwa kwa kupasuliwa. Dada yangu ananiambia nisikubali kushikwa na mwanafunzi, watanifanyia majaribio. Je, nina haki ya kukataa? Na nitajifungua wapi? (Mama, Yumbe)

JIBU: Mama, hofu yako ninaielewa, na afadhali umeuliza mapema. Neno mwanafunzi hapa linawachanganya watu. Daktari anayesomea ubingwa ni daktari kamili: alisoma udaktari miaka mitano, akafanya utarajali wa mwaka mmoja, akasajiliwa na Baraza la Madaktari, na kwa kawaida amekwisha kufanya kazi kabla ya kurudi chuoni. Ana ruhusa ya kukutibu hata asipokuwa katika masomo. Kinachoongezeka anapokuwa katika masomo, kama mpango unafuatwa sawasawa, ni jicho la pili juu yako, la bingwa anayemsimamia.

Haki unayo, na haitegemei hisani ya mtu. Mkataba wa Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009 unakupa haki ya kujua anayekuhudumia ni nani na ana cheo gani, kuelezwa anachotaka kukufanyia, na kukubali au kukataa. Kwa hiyo muulize kwa upole: Daktari, unaitwa nani, na msimamizi wako yupo leo? Daktari aliyefundwa vizuri hatakasirika. Akikujibu kwa ukali, mwambie mkunga mkuu wa zamu kwamba unaomba mtu mwingine.

Kuhusu kujifungua, hapa nitasema kwa mkazo. Kwa kuwa tumbo lako la uzazi lina kovu, usijifungulie nyumbani, na usijifungulie katika kituo cha daraja la tatu, hata kama mkunga wake ni hodari na unamwamini kama mama yako. Kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu, na likiachia zinabaki dakika chache za kuokoa maisha yako na ya mtoto, nazo zinahitaji chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, mtu wa dawa ya usingizi na damu kwenye friji. Nenda kliniki wiki hii, uwe na kadi yako, na kama unayo karatasi ya upasuaji wa kwanza ichukue, kwa sababu daktari atataka kujua ulipasuliwa kwa sababu gani, lini, na kwa mkato wa namna gani. Kisha uliza mambo matatu hayo: Thieta inafanya kazi usiku? Mtu wa usingizi anakaa hapa? Damu ipo? Jibu likiwa hapana kwa mojawapo, omba barua ya kwenda hospitali ukingali na muda, na wiki za mwisho uzikae kwa ndugu aliye karibu na hospitali hiyo. Ukiona damu, au maumivu ya tumbo yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, au mtoto ameacha kucheza, usingoje asubuhi.

SWALI: Mimi ni inchaji, yaani msimamizi, wa kituo cha daraja la nne wilayani Isingiro, na wagonjwa wetu wengi wanatoka katika makazi ya wakimbizi. Chuo kimeomba kutuletea madaktari wawili wa tiba ya familia kila baada ya miezi kadhaa. Tuna daktari mmoja na nyumba za wafanyakazi hazitoshi. Tukubali? (Inchaji, Isingiro)

JIBU: Kubali, lakini zungumza masharti kabla ya gari la chuo kufika, na Ofisa wa Afya wa Wilaya awepo katika mazungumzo hayo.

Sharti la kwanza ni kwamba hawa hawaji kuziba pengo. Ninajua jaribu lilivyo: daktari wako hajapata likizo kwa muda mrefu, na sasa wanakuja wawili wenye nguvu. Akiondoka yeye siku wanayoingia wao, umewapotezea mwalimu, na wagonjwa wako wamepata wageni wasiojua hata damu inaagizwa kwa nani. Chuo kimlipe daktari wako kwa muda anaofundisha au kimpunguzie mzigo kwa namna nyingine. Kufundisha ni kazi, na asiyelipwa kwa kazi huifanya anapopata nafasi. Nyumba nayo iwe tayari, yenye maji na taa ya sola, ndani ya uzio wa kituo. Kumbuka pia dawa. Bohari ya Taifa ya Dawa inaleta mzigo kila baada ya miezi miwili, na habari zikienea kwamba kituo kina madaktari watatu, foleni itarefuka wakati maboksi ni yale yale. Peleka makadirio mapya wilayani mapema.

Lugha ni jambo ambalo chuo hakitalifikiria, nawe unalijua kuliko wao. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao, ilhali daktari anayetoka Kampala pengine anajua Kiingereza na Luganda tu. Mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani. Mama aliyebakwa njiani akitoka Kongo hatalisema hilo kupitia kinywa cha mwanawe wa miaka kumi. Tafuta mkalimani mtu mzima, mwanamke kwa wanawake, na umdai daktari mgeni ajifunze Kiswahili cha kliniki kuanzia wiki ya kwanza: inauma wapi, ilianza lini, umelala vipi, nani yuko nyumbani.

Mafunzo makubwa watakayoyapata kwako ni ya rufaa, na ninaomba uwaweke katikati ya kazi hiyo. Tuseme ni saa saba usiku, mama wa mimba ya kwanza yuko kwenye uchungu, na mstari wa patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, umevuka mstari wa hatua, yaani ule unaodai hatua ichukuliwe. Mtu wa dawa ya usingizi amekwenda msibani. Daktari mgeni atataka kuongeza saa moja aone itakuwaje. Mkunga wako, ambaye ameyaona haya, anajua kwamba saa hiyo moja itaongezwa kwenye saa za barabara. Hapo daktari ajifunze kupiga simu hospitali inayopokea kabla ambulensi haijawashwa, kuhakikisha kwamba mafuta yapo, kuweka mshipa mkubwa na dripu, kumlaza mama kwa ubavu wa kushoto, kumpakia mkunga pamoja na kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, kumchukua ndugu anayeweza kutoa damu, na kuandika barua inayosema saa, vipimo na dawa zilizotolewa, badala ya ile barua ya mstari mmoja inayosema tafadhali msaidieni. Kesho yake apige tena simu aulize mama yu hali gani. Ikitokea bahati mbaya mama akafa, utaratibu wa taifa unataka kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe ndani ya siku saba. Madaktari hao wakae kwenye kikao hicho na waandike kumbukumbu zake.

Wakiondoka, kila mmoja aache orodha ya wagonjwa wake wa kudumu, wa presha, kisukari, kifafa na selimundu, na akae na anayempokea kwa siku kadhaa wakiwaona wagonjwa hao pamoja. Kama chuo hakiwezi kupanga ratiba inayoruhusu siku hizo za makabidhiano, hilo peke yake linatosha kukufanya urudi mezani.

SWALI: Binti yangu ni daktari, na katika masomo yake ya ubingwa anapelekwa Kotido, huko Karamoja. Hatuna ndugu huko. Nimzuie? (Mzee, Jinja)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Usimzuie, bali msaidie kuuliza. Aulize chuo kama nyumba yake iko ndani ya uzio, kama kuna mlinzi, na kama akiitwa usiku atafuatwa na gari au ataambiwa atembee. Aulize kama kuna daktari mwenzake hapo, na kama mtandao wa simu unashika ndani ya nyumba. Majibu hayo chuo kinapaswa kuyatoa kwa maandishi kwa kila daktari, mwanamume kwa mwanamke. Yakikosekana, ana sababu halali ya kuomba kituo kingine, na hatakuwa amekimbia kazi. Yakiridhisha, mbariki aende. Karamoja inawahitaji madaktari wenye moyo kama wake.

SWALI: Mimi ni klinikali ofisa, yaani tabibu asiye daktari, katika kituo cha Kyangwali kwa miaka kumi na mitano. Daktari anayekuja kusoma ananizidi cheo, lakini hajui magonjwa ya hapa. Nani atamfundisha mwenzake? (Klinikali ofisa, Kikuube)

JIBU: Utamfundisha wewe kwanza. Ziwa Albert liko jirani yenu, na wewe umewaona wavuvi wengi wenye kichocho, umewaona wakitapika damu ilhali tumbo limejaa maji, na unajua kwa kumwangalia mtu kwenye benchi nani hawezi kungoja. Mambo hayo yeye ameyasoma, wewe umeyashika kwa mikono. Omba mkae chumba kimoja wiki ya kwanza, wewe ukiona mgonjwa naye akitazama, na wiki inayofuata mbadilishane viti. Naye akufundishe analolijua zaidi, kwa mfano kutumia mashine ya ultrasaundi kama mnayo, au dozi mpya ambazo hazijafika kwenye nakala yenu ya mwongozo wa matibabu wa taifa. Ukimwona anataka kumrudisha nyumbani mtu ambaye moyo wako unakataa, mwambie papo hapo, mkiwa pembeni wawili, kabla mgonjwa hajavuka lango.